Mafuta ya hempu: mtaji uanzie bandani, mtambo ufuate

Tangu Baraza la Mawaziri la Rwanda lilipoidhinisha, Oktoba 2020, kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa za kuuzwa nje, wenye mitaji wa ukanda huu wamekuwa wakipigia hesabu bidhaa ambayo miaka michache kabla ya hapo isingetajwa mbele ya meneja wa benki. Bidhaa hiyo ni mafuta ya hempu. Mazungumzo juu yake huanza na bei ya Ulaya, huhamia kwenye mtambo wa chuma cha pua unaokamua kwa gesi, kisha huishia kwenye faida. Banda la kukaushia halitajwi, na likitajwa huwekwa pamoja na uzio na choo chini ya majengo mengineyo.

Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Mtambo ni kitu cha kununua, na mwenye fedha yeyote anaweza kuagiza. Kinachoamua kama pipa la mafuta litapokewa na mnunuzi au litarudishwa ni unyevu wa maua na mbegu katika siku chache baada ya kuvuna, kabla mtambo haujawashwa.

Ni vyema kwanza kuondoa utata wa jina, kwa sababu umekwisha kuwagharimu watu fedha. Kamusi za zamani huita mmea huu katani, lakini kwa mkazi wa Tanga au Korogwe katani ni mkonge, na mkonge hauna uhusiano wowote na bangi. Hempu ni bangi ile ile kwa ukoo, isipokuwa aina zake zina kiasi kidogo sana cha kileweshi kinachojulikana kwa herufi THC. Marekani na Jumuiya ya Ulaya zimeweka mpaka kwenye asilimia 0.3.

Utata wa pili ni mkubwa zaidi. Yako mafuta mawili tofauti yanayouzwa kwa jina hilo moja. La kwanza ni mafuta ya mbegu, ambayo ni chakula kama alizeti au ufuta: mbegu ina mafuta ya takriban asilimia 30 hadi 35, na hukamuliwa kwa mashine ya parafujo. La pili ni mafuta ya maua, yaani utomvu wenye kanabidioli, au CBD, unaotolewa kwa kiyeyusho na kuuzwa kama dawa au kirutubisho. Mbegu yenyewe haina CBD ya maana. Mtu anayeuziwa chupa ya mafuta ya mbegu kwa bei ya mafuta ya maua ameibiwa, na mwekezaji anayechanganya bei hizo mbili katika mchanganuo mmoja anajiibia mwenyewe.

Kisheria, hali haifanani katika ukanda. Rwanda ilitoa amri ya Waziri wa Afya Juni 2021 inayotaka mashamba yawe na uzio, kamera na walinzi, na mazao yote yaende nje. Tanzania bado inaongozwa na sheria ya dawa za kulevya ya 2015 na Kenya na ile ya 1994, na katika nchi hizo mbili kulima ni kosa la jinai. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Nairobi anayevutiwa na biashara hii anazungumzia kupeleka fedha Kigali, au kusini zaidi Lesotho, nchi ya kwanza Afrika kutoa leseni, mwaka 2017. Somo la mambo haya, hata hivyo, lina kazi kwa wakamuaji wa Singida na Dodoma ambao hawatagusa hempu maisha yao yote, kama itakavyoonekana mbele.

Tuanze na mbegu. Mnunuzi wa Ulaya analipa zaidi kwa mafuta yaliyokamuliwa bila moto, kwa kawaida chini ya nyuzi 50 au 60 za Selsiasi, kwa sababu karibu asilimia 80 ya mafuta hayo ni ya aina laini inayochacha haraka ikipata joto, mwanga na hewa. Rangi yake ya kijani na ladha ya karanga ndiyo inayouzwa. Lakini joto hilo dogo halitoshi kuua vijidudu, na mafuta hayo hayapitii kiwanda cha kusafisha. Chochote kilichoingia na mbegu, kwa mfano vumbi, kinyesi cha ndege au kuvu, kina nafasi ya kutokea upande wa pili.

Watu wengi hujifariji kwamba bakteria hawawezi kuzaana ndani ya mafuta. Ni kweli hawazaani, kwa kuwa hakuna maji. Lakini kutozaana si kufa. Salmonela hukaa miezi mingi katika chakula kikavu chenye mafuta, na mafuta humkinga. Marekani ilijifunza hilo mwaka 2008 na 2009, siagi ya karanga kutoka kampuni moja ilipougua watu zaidi ya 700 katika majimbo 46, na vifo 9 vikahusishwa nayo. Siagi ya karanga haina maji ya kutosha bakteria kuzaana, na hata hivyo ilifanya hivyo. Mkuu wa kampuni hiyo alihukumiwa kifungo cha miaka 28 mwaka 2015. Karanga zile angalau zilipita kwenye tanuri. Mbegu ya hempu ya kukamua bila moto haipiti popote.

Kwa hiyo kinga ya mafuta ya mbegu iko ghalani. Mbegu ya hempu huvunwa ingali na unyevu mwingi, na ikilundikwa hupata joto yenyewe ndani ya saa chache. Wakulima wa Kanada, ambao waliruhusiwa tena kulima mwaka 1998, wamejifunza kuipeleka kwenye kikaushio siku ile ile na kuishusha chini ya asilimia 10 kabla ya kuhifadhi. Mkulima asiye na kikaushio anaanika kwenye turubai na kuomba jua.

Kwenye maua ndiko mitaji mikubwa inakokimbilia, na ndiko maneno ya wauza mitambo yanakotakiwa kupimwa kwa utulivu. Njia zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza ni ethanoli, pombe kali ya kiwandani, ambayo maua huloweshwa humo, mara nyingi ikiwa imepozwa sana ili isibebe nta na rangi ya majani, kisha pombe hufukizwa na kurudishwa kutumika. Inakwenda haraka na kwa wingi, na mtambo wake si wa bei ya kutisha. Ya pili ni gesi za butani na propani, ambazo hutoa utomvu safi wenye harufu nzuri lakini hulipuka. Mei 2020 moto na mlipuko katika jengo moja mjini Los Angeles la wauzaji wa vifaa vya kazi hiyo uliwajeruhi wazimamoto zaidi ya 10. Katika nchi ambayo kampuni za bima zinasita kukatia hata karakana ya mbao, njia hii haifai kuzungumzwa.

Ya tatu ndiyo bibi harusi wa maonyesho ya biashara: kaboni dioksaidi, gesi ile ile ya kwenye soda. Ikipashwa zaidi ya nyuzi 31 na kugandamizwa zaidi ya mara 73 ya kanieneo ya kawaida, gesi hiyo huwa si gesi wala si kimiminika, hupenya kama hewa na kuyeyusha kama petroli. Si jambo jipya. Viwanda vya Ujerumani vimekuwa vikiondoa kafeini katika kahawa kwa njia hiyo tangu miaka ya 1970, kahawa ya Kilimanjaro na Bukoba ikiwa miongoni mwa zile zilizofika katika masoko hayo. Sifa yake ni kwamba presha ikishushwa gesi yote huondoka na hakuna mabaki ya kiyeyusho. Kasoro yake ni bei, mamia ya maelfu ya dola kwa mtambo wa maana, na umeme usiokatika, na fundi ambaye hapatikani mtaani.

Wauzaji huongeza sifa nyingine: kwamba mtambo unasafisha. Hapo pana ukweli nusu, na nusu hiyo ni ya hatari kuliko uongo mtupu.

Ni kweli kwamba ethanoli huua bakteria wengi na kuvu iliyo hai. Ni kweli pia kwamba gesi iliyogandamizwa hupunguza vijidudu. Utomvu unaotoka ni mkavu, na mara nyingi ukipimwa maabara hesabu ya vijidudu huwa ndogo, ndani ya kiwango cha dawa za kunywa zisizo na maji, ambacho katika kitabu cha viwango vya dawa cha Marekani ni bakteria wasiozidi 1,000 na hamira na kuvu zisizozidi 100 kwa gramu, na asipatikane E. koli hata mmoja katika gramu hiyo. Mwekezaji huona karatasi hiyo na kulala usingizi.

Lakini kipimo hicho huhesabu walio hai. Mbegu ngumu za baadhi ya bakteria hazifi kwa pombe, na zile za kuvu huvumilia gesi. Na hilo ndilo dogo. Jambo kubwa ni sumukuvu. Kuvu aina ya Aspajilasi ikishaota kwenye ua au mbegu iliyochelewa kukauka, huacha sumu ambayo inabaki hata kuvu yenyewe ikiuawa. Sumu hiyo haivunjiki kwa moto wa kupikia. Mbaya zaidi, inayeyuka vizuri katika ethanoli. Kilo 100 za maua zikitoa kilo 10 za utomvu, chochote kilichoyeyuka na kufuatana nao kinaweza kuwa kimekolea mara kumi. Ndivyo ilivyo hata kwa dawa za kuulia wadudu zilizopuliziwa shambani. Mtambo uliopewa sifa ya kusafisha unaweza kuwa ndio unaokoleza.

Wapo watakaosema, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwamba tiba ipo: maua hupigwa mionzi ya gama kabla ya kusindikwa, kama inavyofanywa Uholanzi na Kanada kwa bangi ya hospitali. Mionzi inaua vijidudu, hilo halina ubishi. Sumu iliyokwisha kuwekwa haiigusi ipasavyo. Wengine watataja kwamba kusafisha zaidi, hadi kupata chembe nyeupe za CBD tupu, huacha uchafu mwingi nyuma. Huenda ikawa hivyo, ila kila hatua ya kusafisha ni gharama inayolipwa kwa sababu banda la kukaushia halikujengwa, na chembe nyeupe ndiyo bidhaa ambayo bei yake iliporomoka kuliko zote Marekani baada ya sheria ya kilimo ya Desemba 2018 kufungua mlango. Takwimu za Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo zinaonyesha hempu yote iliyozalishwa ilikuwa na thamani ya dola milioni 824 mwaka 2021 na milioni 238 mwaka 2022. Soko la namna hiyo halimlipii mtu gharama za kurekebisha makosa.

Basi wataalamu wa ukaushaji hupima nini? Hawatosheki na asilimia ya unyevu. Hupima maji huru, yaani yale ambayo kijidudu anaweza kuyatumia, kwa kipimo cha kuanzia 0 hadi 1, ambapo maji matupu ni 1. Kwa maua makavu kiwango kinachokubalika katika biashara ni kati ya 0.55 na 0.65. Chini ya hapo ua linavunjika na harufu kupotea, juu ya hapo kuvu inaanza kuamka. Sumukuvu huhitaji maji mengi zaidi, kupita 0.8, kwa maana kwamba hutengenezwa katika zile siku za mwanzo ambapo zao halijashuka, au baadaye ghala likivuja. Kifaa cha kupimia maji hayo kinakaa mezani na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya mtambo wa gesi. La kushangaza ni kwamba ndicho kinachokosekana.

Rwanda ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, na milima yake ina ukungu wa asubuhi hata nje ya misimu hiyo. Kukausha maua kwa hewa tu katika mazingira hayo ni kucheza bahati nasibu. Banda linahitaji feni, mashine za kuvuta unyevu, vyumba vinavyofungwa, na jenereta ya akiba, maana umeme ukikatika usiku mmoja katikati ya ukaushaji zao la shamba zima limeingia mashakani.

Anayedhani haya ni mambo ya wazungu na masharti yao ya kubania soko aangalie nyumbani. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliugua watu 317 mashariki mwa Kenya na kuua 125 kati yao. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Dodoma na Manyara, ambako takriban watu 20 walikufa. Na kwenye mafuta yenyewe upo utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliochukua sampuli kwa wakamuaji wadogo wa alizeti Tanzania katika 2014 na 2015. Mbegu zilizokutwa na sumukuvu zilikuwa sampuli 14 kati ya 90, sawa na asilimia 15 au zaidi kidogo. Mashudu yaliyokutwa nayo yalikuwa 63 kati ya 92, yaani asilimia 68.

Tarakimu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinaeleza mengi. Ukamuaji haukuiondoa sumu, uliihamishia sehemu kubwa kwenye mashudu, na mashudu yakaenda kwa kuku na ng'ombe, kisha kwenye maziwa. Mkamuaji wa alizeti ana bahati moja: mafuta yake yakipelekwa kwenye kiwanda kikubwa cha kusafisha, dawa ya magadi na udongo wa kuchujia huondoa kiasi kikubwa cha sumu iliyobaki. Kanuni za Ulaya zinalijua hilo, ndiyo sababu mafuta ghafi yanayokwenda kusafishwa yamesamehewa kipimo cha sumukuvu kinachowekwa kwa mbegu za mafuta na bidhaa zake zinazoliwa moja kwa moja, ambacho ni maikrogramu 2 kwa kilo kwa ile sumu kali na 4 kwa jumla. Mafuta ya mbegu za hempu, kwa kuwa huuzwa yakiwa hayajasafishwa na sifa yake ni hiyo hiyo, hayana mwavuli huo. Juu yake pana kipimo kingine: tangu Januari 2023 Ulaya haipokei mafuta ya mbegu za hempu yenye THC inayozidi miligramu 7.5 kwa kilo. THC hiyo haitoki ndani ya mbegu. Hutoka kwenye utomvu ulionata juu ya ganda, kwa hiyo mbegu isiyopepetwa na kusafishwa vizuri inafeli kwa uchafu na kwa kileweshi kwa mkupuo mmoja.

Linabaki swali ambalo halipendwi katika vikao vya wawekezaji: mzigo ukirudishwa, nani analipa? Mikataba ya kilimo cha kandarasi ya ukanda huu, iwe ya tumbaku, pamba au pareto, kwa kawaida humwacha mkulima na zao lililokataliwa. Kwa tumbaku mkulima angalau anaweza kubishania daraja. Kwa hempu hana hata mahali pa kuipeleka, kwa sababu kuuza nje ya mkataba ni jinai. Huko Kentucky, ambako sheria haikuwa kikwazo, wakulima wengi walibaki na maghala yaliyojaa maua wakati kampuni kubwa ya usindikaji ilipokwenda mahakamani Februari 2020 kuomba kinga dhidi ya wadai. Mkulima wa Rwanda hana ghala la kujaza.

Kwa sababu hiyo benki itakayoombwa mkopo wa kazi hii ina haki ya kugeuza mpangilio wa mchanganuo. Fedha za kwanza ziende kwenye vikaushio, ghala lenye sakafu ya saruji, kifaa cha kupimia maji huru, na mkataba na maabara yenye ithibati inayopima sumukuvu, vijidudu na mabaki ya dawa katika maua na mbegu, siyo katika mafuta peke yake. Fedha za mtambo zitolewe baada ya mavuno mawili kukaushwa na kupimwa. Kwa mwaka wa kwanza na wa pili maua makavu yanaweza kuuzwa yalivyo, kwa wanunuzi wenye leseni wanaokamua kwao. Faida itakuwa ndogo na mwenye mtaji atanung'unika, lakini atakuwa amejua kama ana zao la kukamua.

Na mkataba na mkulima uwe na kifungu kimoja kinachokosekana: mzigo upimwe maji huru na sumukuvu siku unapopokelewa mlangoni, mbele ya mwenye zao, sampuli ya akiba ifungwe na kutiwa saini na pande zote mbili. Ukipita kipimo hapo, kuvu itakayoota baada ya hapo ni ya kampuni.